Chupa ya Bi Mwanamina

Chupa iliyoibwa ilikuwa mezani. Haikupasuka, haikumwagika, wala kizibo chake hakikulegea. Dawa nyekundu iliyokuwamo ilifika pale pale ilipotakiwa kufika kwa siku ya Jumamosi. Hata hivyo kijiji kizima cha Nyambwani kilikuwa kikiapa kwamba dawa imeibwa, na katika chumba cha pili mwanamke mmoja alikuwa akilia kwa sauti ambayo Inspekta Muhidini Bushiri alitamani sana asiisikie.

"Unamsikia huyo?" aliuliza Twalibu.

"Nina masikio."

"Basi huyo ni mama yangu. Siku ya nne hii. Dawa anapewa kila baada ya saa nne, na kulia analia vile vile. Mwizi tumekushikia, afande. Mchukue, ama tuachie sie."

Mwizi mwenyewe alikuwa amefungiwa ndani ya banda la boriti tangu saa mbili asubuhi, aliposhuka botini baada ya kuitwa kuja kumwona mgonjwa. Alikuwa Yasmini, muuguzi wa tiba shufaa, ambaye kila Jumatatu alipanda boti Nyamisati na kuja huku visiwani kuwahudumia wagonjwa wa saratani. Wagonjwa wake walikuwa wale ambao hospitali haina tena la kuwafanyia isipokuwa kuwaondolea maumivu. Bi Mwanamina, mama yake Twalibu, alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi. Dawa yake ilikuwa mofini ya maji. Kijiji kilikuwa na hakika kwamba muuguzi ameiuza mofini kwa mateja wa Dar es Salaam na kumletea mgonjwa maji yaliyotiwa rangi.

Inspekta aliamini hivyo pia. Saa tatu za boti, matope mpaka magotini na jua la saa saba vilimfanya aamini upesi kuliko kawaida. Kwa tabia hakuwa mtu wa subira, na Kibiti mzima wanalijua hilo. Alichotaka ni kumtia muuguzi pingu, apande boti, awe nyumbani kabla ya magharibi.

"Boti haitoki leo," alisema Mzee Sufiani, mwenyekiti wa kijiji, kama aliyesoma mawazo yake. "Maji yameshakupwa. Mkondo mkavu mpaka kesho asubuhi. Wewe mtoto wa Bushiri mkata boriti, hukumbuki hata maji ya kwenu?"

Watu waliojaa uani walicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa cha kirafiki. Inspekta alikuwa amezaliwa visiwa viwili kutoka hapo. Nyambwani walimjua, walimjua na baba yake, na hawakumsamehe kwa kuvaa sare.

"Dawa nyingine iko wapi?" aliuliza.

"Hospitalini, bara," alijibu Twalibu. "Ikifika mapema ni kesho jioni."

Kutoka chumbani sauti ilipanda, ikakatika, ikaanza upya. Kesho jioni ilikuwa mbali mno. Inspekta aliichukua chupa na kadi ya dawa iliyokuwa chini yake, akamwita Konstebo Maimuna, wakaenda bandani.

Yasmini alikuwa amekaa juu ya boriti, ushungi wake umechanika begani. Hakusimama.

"Jina?"

"Yasmini Haruni. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Hapa maswali nauliza mimi."

"Basi uliza upesi, nirudi kwake."

Inspekta alimtazama. Katika miaka kumi na tisa ya upelelezi alikuwa amewahi kuona wezi wakilia, wakiapa na wakizimia. Mwizi aliyemharakisha afande alikuwa hajamwona.

"Jumatatu ulileta nini?"

"Mofini ya maji, nusu lita. Niliongeza kipimo, kwa sababu ugonjwa umeingia kwenye mifupa ya nyonga."

"Nani anampa?"

"Binti yake, Mwanabaraka. Nilimfundisha kuvuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Mililita kumi, kila baada ya saa nne. Akishampa anatia alama kwenye kadi."

Inspekta alihesabu alama kwenye kadi, akaipima chupa kwa jicho. Vililingana.

"Mgonjwa alikuwaje baada ya kupewa?"

"Nilimpa mwenyewe cha kwanza, nikakaa naye mpaka alasiri. Alilala. Alikuwa hajalala siku mbili."

"Na Jumanne?"

"Alikuwa amelala bado. Mwenyekiti alinipigia simu kugomba, ati nimemlaza mno. Nikamwambia kipimo kikipanda mgonjwa husinzia siku mbili tatu, halafu mwili unazoea. Maumivu hayapo, akili inarudi, anakaa na watu. Nikamwambia awaeleze wa nyumbani wasiogope."

"Aliwaeleza?"

"Muulize yeye."

Inspekta alipiga hesabu. Kama Bi Mwanamina alilala Jumatatu na Jumanne, basi siku hizo mbili chupani mlikuwa na mofini. Na kama alianza kulia Jumatano, basi iligeuka maji wakati muuguzi yuko Kibiti na chupa iko humu kijijini, ndani ya nyumba ya mgonjwa. Hesabu hii haikuhitaji chuo cha polisi, nayo ilimuudhi kwa sababu alipaswa kuipiga kabla ya kushuka botini.

"Nipe tone," alisema Yasmini.

Alidondosha tone moja mgongoni mwa kiganja, akalilamba.

"Hii siyo. Mofini ni chungu, ukiionja unakaa nayo mdomoni mpaka jioni. Hii haina uchungu. Inakausha ulimi tu."

Inspekta naye alionja. Ukakasi ulimshika ulimi na fizi, na mara hiyo hiyo akamwona baba yake amechutama mbele ya moto, akichemsha magome ya mkoko kwa ajili ya kutia rangi nyavu. Alikuwa amesahau kwamba anaijua ladha hiyo.

Aling'oa msumari wenye kutu kwenye ubao wa banda, akamimina dawa kidogo katika kifuniko cha chupa, akautumbukiza. Wote watatu walisubiri. Nyuzi nyeusi zilianza kutoka kwenye msumari, zikatapakaa, na baada ya muda mfupi kifuniko kizima kilikuwa cheusi tititi.

"Maji ya magome," alisema Inspekta. "Yakigusa chuma yanakuwa wino. Konstebo, funga chupa kwenye mfuko, hiki ni kielelezo. Na mlango huu uache wazi. Muuguzi anatoka."

"Watu wamejaa huko nje, afande."

"Nimewaona."

Walipotoka, Twalibu aliwakabili akiwa na panga la kukatia boriti. Hakulinyanyua, ila hakulitua chini.

"Unamwachia?"

"Namrudisha kwa mgonjwa. Pipa lile la nani?"

Lilikuwa pipa la chuma chini ya mti wa mkungu, limejaa maji ya kutilia rangi nyavu.

"Langu. Kwani imekuwa kosa?"

Inspekta alichota kwa mkono. Maji yalikuwa meusi, kama yanavyokuwa siku zote ndani ya chuma.

"Jumanne na Jumatano ulikuwa wapi?"

"Nyamisati. Nilipeleka boriti Jumatatu mchana, nikarudi Alhamisi. Nahodha huyo hapo, muulize."

Nahodha alitikisa kichwa kukubali. Inspekta alikuwa ameshamtoa Twalibu kwenye orodha hata kabla ya hapo. Aliyebadilisha dawa alitaka maji mekundu, na maji ya magome hubaki mekundu yasipogusa chuma, kama yakichemshwa katika chungu cha udongo. Alielekea jikoni.

Mwanabaraka alikuwa akichochea uji wa mama yake. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, amekonda, macho yamezama. Ameolewa Ikwiriri, lakini miezi mitano iliyopita alifunga nyumba yake akaja kumuuguza mama. Kwa kila aliyeulizwa, sifa zake zilikuwa moja. Yeye ndiye aliyemgeuza mgonjwa kila baada ya muda ili asioze mgongo, aliyemwosha, aliyembadilisha vitambaa vya usaha bila kuziba pua. Inspekta hakupenda kabisa kumkuta mtu wa namna hiyo mwisho wa hesabu yake.

Jikoni mlikuwa na sufuria tatu za bati na chungu kimoja kipya, kimefudikizwa pembeni.

"Chungu hiki wapikia nini?"

"Dawa ya miti."

"Ya nani?"

"Yangu. Tumbo linanisumbua."

"Mti gani?"

Mwanabaraka alirudi kwenye uji. Inspekta alikigeuza chungu, akakwangua ndani kwa ukucha. Ukucha ulitoka mwekundu. Akamtazama vidole. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa na wekundu wa kahawia kwenye maungio.

"Na hiyo?"

"Hina."

"Una mgonjwa ndani anayelia siku nne, ukapata nafasi ya kupaka hina vidole viwili?"

Mwiko ulisimama ndani ya uji.

"Dawa iko wapi, Mwanabaraka?"

"Sijui."

"Uliimwaga?"

"Sijui unasema nini."

Lakini kwa neno kumwaga uso wake ulishtuka, na Inspekta akalishika hilo. Mtu aliyemwaga hashtuki hivyo. Dawa ilikuwapo, na ilikuwa karibu.

Twalibu alikuwa mlangoni, amesikia yote.

"Dada yangu miezi mitano hajafumba jicho, leo umwite mwizi? Polisi nyie mna nini na watu? Mlikuja hapa miaka ile ya misako mkatutoa ndani usiku, mkatuhesabu kama mbuzi. Leo mmerudi kwa wanawake?"

"Twalibu, kabla hamjamfungia muuguzi, nyumba mliipekua?"

"Tuliipekua. Sie si wajinga."

"Kila mahali?"

"Kila mahali. Mvunguni, darini, mpaka ndani ya magunia ya mpunga."

"Na sanduku la juu ya kabati?"

Inspekta alikuwa ameliona alipochungulia chumbani kwa mgonjwa, sanduku dogo la mbao lililofunikwa kitambaa cheupe. Twalibu aligeuza macho kwa Mzee Sufiani. Uani kelele zilipungua. Mzee Sufiani alisogea mbele, fimbo mkononi.

"Lile halifunguliwi," alisema.

Hakuhitaji kueleza. Bi Mwanamina alikuwa amejinunulia mwenyewe sanda yake, pamba, kafuri, udi na marashi, akavitia sandukuni siku aliporudishwa kutoka Dar es Salaam. Kulifungua mwenyewe yu hai ni kuyaita mauti kabla ya siku yake. Katika nyumba ile mtoto angeweza kuiba sukari, angeweza kuiba hata msahafu, lakini sanduku lile asingeligusa.

"Mwenye nyumba anaumwa," alisema Inspekta. "Nalifungua mimi."

"Utalifungua tukiwa tumelala chini," alisema Twalibu, na safari hii panga lilinyanyuka kidogo.

Inspekta Muhidini alikasirika. Alikasirika kwa sababu ya joto, matope, dharau na ile sauti iliyokuwa ikipasua ukuta, na alikasirika zaidi kwa sababu baba yake mwenyewe alikufa na uvimbe wa koo katika kisiwa kama hiki, akitulizwa kwa vidonge vya kichwa na maji ya kumfuta uso. Wakati ule hakukuwa na muuguzi wa kuja kwa boti.

"Sikiliza, Twalibu," alisema kwa sauti ya chini. "Baba yangu alilia hivi siku kumi na mbili. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ningepewa sanduku la kufungua, lolote lile, ningelifungua kwa meno. Nipishe, ama nikate."

Twalibu hakupisha, wala hakukata. Aliyefungua njia ni Yasmini, aliyekuwa amezuiwa uani mpaka saa ile. Alipita katikati yao na mkoba wake, akaingia chumbani kwa mgonjwa bila kumwomba mtu ruhusa, na mlio uliotoka mlango ulipofunguka ukamfanya Twalibu aangalie pembeni. Inspekta akaingia.

"Afande," alisema Konstebo Maimuna, "niache nifungue mimi. Lakini nitawadhe kwanza."

Alitawadha upesi kwa maji ya mtungini. Kisha akalishusha sanduku, akaliweka juu ya mkeka, akasema bismillahi, akafungua. Juu kulikuwa na sanda, imekunjwa vizuri. Kwenye pindo lake mlikuwa na doa moja jekundu, dogo kuliko punje ya mchele. Chini ya pamba mlikuwa na chupa mbili za marashi.

Marashi ni meupe kama maji. Haya yalikuwa mekundu.

Kutoka nyuma yao Mwanabaraka alitoa sauti ndogo, akakaa chini palepale mlangoni.

Yasmini alionja, akakunja uso wake wote.

"Ndiyo hii," alisema.

Hakumtazama mtu. Alilisuuza bomba, akarudia mara ya pili, akavuta dawa, akapunguza mpaka kipimo kile cha zamani, kwa kuwa mwili uliokaa siku nne bila mofini haurudishiwi yote kwa mkupuo. Alimwinua Bi Mwanamina kichwa kwa mkono wa kushoto, akamtilia pembeni mwa shavu taratibu, akasubiri ameze. Kisha akachovya kitambaa, akamfuta midomo iliyopasuka. Alipomgeuza aliona shuka limelowa, akaanza kulibadilisha kana kwamba ni Jumatatu ya kawaida na hakuna aliyemfungia popote.

"Dawa itachukua muda gani?" aliuliza Inspekta.

"Nusu saa. Pengine zaidi."

Ilibidi nusu saa hiyo itumike. Inspekta alikaa kwenye kigoda mbele ya Mwanabaraka. Alimpa onyo la kisheria, kwamba hana lazima ya kusema lolote na kwamba atakalosema laweza kutumika mahakamani. Twalibu alisimama ukutani. Mzee Sufiani alikaa kizingitini akiwazuia wengine kwa fimbo.

"Ulibadilisha lini?"

"Jumanne jioni."

"Ulitaka kuiuza?"

"Nimuuzie nani?"

"Ulitaka mama yako afe?"

Mwanabaraka alinyanyua uso kwa mara ya kwanza, na ulikuwa na hasira.

"Nilitaka aamke."

"Aamke afanye nini?"

"Anipe radhi."

Twalibu alisonya. "Radhi ya nini? Wewe ndiye uliyemuuguza."

"Nyamaza wewe, hujui kitu," alisema Mwanabaraka. Kisha akamgeukia Inspekta, na kuanzia hapo maneno hayakuhitaji tena kuvutwa. "Mwaka juzi mama alikuwa kwangu Ikwiriri. Alikuwa anatoka damu, na damu ilishakatika miaka mingi. Akaona haya kusema, akaniambia mimi peke yangu. Nikampeleka kupima. Walimpima wakanipa barua, wakasema apelekwe Dar es Salaam ndani ya wiki mbili, ugonjwa ungali mdogo, utatibika. Mama hajui kusoma. Aliniuliza wamesemaje."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hawakuona kitu."

Chumbani kulikuwa na sauti ya mgonjwa tu.

"Kwa nini?"

"Mpunga ulikuwa unakaribia kuiva. Mume wangu kaondoka, watoto shuleni, nguruwe usiku na ndege mchana. Mtu wa kulinda nilikuwa naye mama tu. Nikasema wiki tatu si kitu, tuvune kwanza. Akakaa juu ya dungu la shambani mwezi mzima anapiga debe, na damu inamtoka. Tulipovuna nikaona haya. Nikasema nitamwambia Mfungo. Mfungo ukaja ukapita. Barua niliichomeka paani mpaka mchwa wakaila. Alipoanza kunuka ndipo akina Twalibu wakamchukua."

Twalibu alikuwa amekaa chini. Panga lilikuwa sakafuni kando yake.

"Endelea."

"Nilikuja kumuuguza ili nimwambie. Kila siku nasema leo. Jumanne nikamwona amelala tu, namwita haitiki. Nikajua ndio anakwenda, na radhi yangu hajanipa. Nitakwenda kumwambia nini Mungu? Nikaitoa dawa, nikaificha mahali ambapo hamtaifikia. Sikuimwaga. Nilitaka aamke kidogo tu anisikie, kisha nimrudishie."

"Na alipoamka?"

"Hakuamka yeye. Yaliamka maumivu. Namwita mama, ananisukuma. Nikifungua mdomo, analia. Siku nne sijapata nafasi ya kumaliza sentensi moja."

"Ungemrudishia Jumatano."

"Nilitaka. Nikasema labda kesho atatulia, atanisikia. Alhamisi Twalibu akarudi, akasema sista mwizi, watu wakajaa. Ningeirudisha vipi macho yote yako kwenye chupa?"

"Ukaacha muuguzi afungiwe."

"Nikaacha."

Yasmini alikuwa akikunja shuka chafu. Alizungumza bila kugeuka.

"Ungengoja mpaka Alhamisi angekaa mwenyewe kitandani, akanywa uji, mkazungumza mpaka uchoke. Usingizi ule ulikuwa wa siku mbili tatu. Nilimwambia mwenyekiti akuambie."

Wote walimtazama Mzee Sufiani. Mzee aliitazama fimbo yake.

"Nilidhani ananisomea tangazo," alisema. "Wana maneno mengi hawa. Nikaona hayana kazi."

"Hukumwambia hata mmoja wetu?" aliuliza Mwanabaraka.

"Sikumwambia mtu."

Mwanabaraka alimtazama mzee yule kwa chuki ya wazi, na Inspekta hakumlaumu. Naye pia alimchukia mzee. Sheria haikuwa na kifungu cha kumtia ndani mtu kwa kutofikisha ujumbe, na hilo lilimkera kuliko yote ya siku ile.

Ndipo walipotambua kwamba kilio kimekoma.

Hakuna aliyejua kimekoma lini. Bi Mwanamina alikuwa amelala chali kwenye shuka safi, macho wazi, anapumua kama watu. Aliitazama dari, akaitazama sanda iliyokuwa mkekani, kisha akatazama mlangoni.

"Nani amelitoa sanduku langu?" aliuliza. Sauti ilikuwa imekauka.

"Mimi, bi mkubwa," alisema Inspekta. "Muhidini, mtoto wa Bushiri."

"Yule mkata boriti? Mbona umenenepa." Akavuta pumzi. "Mwanabaraka."

"Labeka mama."

"Njoo. Nilikuwa nakusikia hapo. Sikusikia yote. Hebu liseme vizuri."

Inspekta alikuwa ameshatoa pingu mfukoni. Alizirudisha. Mwanabaraka alitambaa mpaka kitandani, akapiga magoti, akaisema habari yote tangu mwanzo, barua, mpunga, paa, chungu na chupa. Safari hii hakukatizwa. Alipomaliza aliweka paji la uso juu ya ukingo wa kitanda.

Bi Mwanamina alikitazama kisogo cha binti yake.

"Ule mpunga," alisema, "ulitoa magunia mangapi?"

"Kumi na moja, mama."

"Kumi na moja." Alilitafakari. "Nguruwe hakula hata suke. Nililinda vizuri."

Mwanabaraka alianza kulia. Mama yake hakumshika kichwa.

"Ya barua nimekuradhia. Na haya ya siku nne nimekuradhia. Ukifa kabla yangu, ukifa baada yangu, huna deni kwangu. Mwenyekiti amesikia, afande amesikia." Alifumba macho, akafumbua. "Lakini dawa yangu usiishike tena. Lile bomba mpe mwenzio."

"Mama, Twalibu hajui kupima."

"Atafundishwa."

"Kukugeuza nani atakugeuza? Kukuosha? Mama, niache nikuuguze. Nikifungwa sitarudi kukukuta."

"Radhi uliitaka, nimekupa," alisema Bi Mwanamina. "Mwili wangu sikupi. Afande, mchukue mtu wako."

Inspekta alimtia Mwanabaraka pingu. Makosa yake yalikuwa mawili kwenye jalada, wizi wa dawa inayodhibitiwa na kusababisha mateso kwa mgonjwa. La barua halikuwa na jina katika karatasi za polisi. Konstebo Maimuna alimpeleka kusubiri maji yajae katika banda lile lile la boriti, na uani watu walimpisha bila kumsemesha. Twalibu na wenzake nao waliandikwa majina kwa kumzuia mtu isivyo halali. Hakuna aliyemuaga Inspekta, wala yeye hakutegemea.

Alipopita tena dirishani, Yasmini alikuwa amemkalisha Twalibu kwenye kigoda, kikombe cha maji mbele yake, bomba mkononi. Vidole vya mkata boriti vilikuwa vinene, bomba likamponyoka mara mbili.

"Hapo ni kumi na mbili," alisema Yasmini. "Nimekuambia tano. Nitakuja kuongeza mwenyewe Jumatatu. Rudia."

Alirudia.

"Mara ngapi?"

"Kila baada ya saa nne."

"Na akisinzia?"

"Siogopi. Siku mbili tatu anazoea." Twalibu alilitua bomba. "Sista, kwa haya ya asubuhi..."

"Rudia kupima," alisema Yasmini.

Kitandani Bi Mwanamina alikuwa amegeuza uso, anaitazama mikono ya mwanawe bila kupepesa.